Sanamu ya Fundi Elikana

Mwalimu Raheli alikasirika. Na hasira ya mwalimu mkuu mstaafu, nawaambia, si ya kuchezea: miaka thelathini na mitano alizoea kukohoa mara moja tu na watoto mia sita wakanyamaza. Asubuhi hiyo aliingia bustani ya misheni, hapa Mamboya, na chupa ya chai ya fundi mkononi, akakuta sanamu ya marehemu baba yake imefungwa kilemba cha khanga kichwani na gunzi la mhindi limebandikwa mdomoni. Saruji ya pua bado mbichi! Na mbele ya sanamu alikuwapo mzee Yared, miaka sabini na saba, koti linampwaya, anachechemea huku na huku na kukohoakohoa, na akina mama waliokuja kupalilia maua wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Adabu ni adabu, hata kama damu inachemka. Raheli akasogea mbele.

"Shikamoo, mzee Yared," alisema, meno yamekutana.

"Marahaba, mtumwa wangu. Chai yangu hiyo?"

"Toka hapo kwa baba yangu."

"Baba yako? Yuko wapi?" Yared akaizunguka sanamu polepole, akaitazama juu mpaka chini. "Huyu? Aa, huyu si Elikana. Huyu ni polisi wa barabarani. Mwangalieni alivyokakamaa, anasubiri kutuandikia faini!"

Akina mama wakaangua kicheko tena. Fundi Donati, aliyetoka Kilosa mjini kuja kuikarabati sanamu, alikuwa juu ya ngazi na ndoo yake ya saruji. Alitazama pembeni, maana aliyeinyoosha sanamu ikasimama kipolisi ni yeye. Lakini aliyemwagiza ainyooshe alikuwa Mwalimu Raheli mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma Mwalimu zaidi.

Ngoja niwaeleze hawa watu ni akina nani.

Elikana alikuwa fundi seremala. Milango ya kanisa ile mizito ya mninga, ambayo mpaka leo inafungwa bila kulia, ni kazi yake. Madawati ya shule ni yake, vitanda vya zahanati ya zamani ni vyake, na kwa miaka karibu ishirini hakuna mtu wa milima hii aliyezikwa kwenye jeneza lisilopita mikononi mwake. Alikufa mwaka sitini na nane, kifua kilimwondoa. Miaka miwili baadaye wanafunzi wa ufundi pale misheni, pamoja na mwalimu wao, wakamtengenezea sanamu bustanini: nondo, wavu na saruji, randa mkononi, penseli nyuma ya sikio. Si sanamu ya kuvutia, tusidanganyane. Kichwa kikubwa, mikono minene. Lakini imekaa pale zaidi ya miaka hamsini, imenyeshewa, ndege wameifanyia waliyoyafanya, na kila Pasaka mtu huipaka chokaa bila kuambiwa.

Yared yeye alikuwa mwanagenzi wa Elikana, kijana wa kushika ubao upande wa pili. Na juu ya hayo alikuwa mtani wake. Ukoo wa Yared na ukoo wa Elikana ni watani tangu mababu wa mababu. Mtani atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, atamkamata kuku wako uani akamchinje, na wewe ukinuna, umejiaibisha mwenyewe.

Raheli utani aliujua kwa kuusikia tu. Baba yake alipokufa alikuwa na miaka minne. Mama yake akamchukua wakateremka Kimamba, kwenye mashamba ya mkonge, huko akaolewa tena, na Raheli akakua kwenye kambi pamoja na watoto wa makabila kumi na matano. Ualimu ukampeleka Mikumi, akazeekea huko. Kumbukumbu ya baba yake hakuwa nayo hata chembe, si sura wala sauti. Picha haikuwapo hata moja. Alichokuwa nacho ni ile saruji. Mara moja kwa mwaka mama yake alimpandisha Mamboya kumsalimu shangazi, na yeye akakimbilia bustanini akasimame mbele ya baba. Na kila mara, jamani, kila mara, angetokea yule Yared, aanze kuchechemea na kukohoa mbele ya sanamu, na watu wazima wakacheka. Mtoto akarudi Kimamba amenuna. Wenzake walikuwa na baba. Yeye alikuwa na sanamu, na sanamu yenyewe inachekwa.

Basi alipostaafu na kurudi kujenga Mamboya, alikuwa na shida moja tu duniani: ipatikane siku moja, hata moja tu, watu wasimame mbele ya baba yake na asicheke mtu. Akamtafuta Donati. Akaomba kibali kanisani. Akapanga sherehe ya kuifunua sanamu upya, akaalika mpaka afisa utamaduni wa wilaya. Donati alipofika alimuuliza swali dogo tu, la kifundi.

"Mwalimu, mzee alikuwa anasimamaje? Maana hili bega la kushoto limelala. Sijui limezama kwa uzee wa saruji, au ndivyo walivyomtengeneza."

Raheli aliitazama sanamu, akalitazama lile bega. Mtu wa miaka sitini, hajui baba yake alisimamaje! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Alikuwa mtu wa heshima," alisema hatimaye. "Mnyooshe."

Donati akamnyoosha. Ndipo akaja Yared na kilemba chake na polisi wake.

Jioni ile ile Raheli alikwenda kwa mchungaji, Mchungaji Timotheo, mtu mpole aliyehamishiwa Mamboya mwaka jana tu. Alimweleza habari za wageni wanaokuja, na uzito wa siku yenyewe, na mzee mmoja asiyejua mipaka. Mchungaji, ambaye mambo ya koo za hapa alikuwa bado anajifunza, aliona ni suala la utulivu tu. Wakaandika barua. Raheli alichagua maneno mwenyewe, na kwa kuandika barua hakuwa na mchezo: "Kwa heshima kubwa unaombwa usifike bustanini siku ya Jumamosi." Akaipeleka kwa mkono wake.

Yared aliisoma akiwa amesimama mlangoni, karatasi kaisogeza mbali na macho. Aliisoma mara mbili. Raheli alikuwa amejiandaa kwa matusi, amejiandaa hata kwa kicheko. Mzee aliikunja barua ikawa ndogo, akaitia mfuko wa shati.

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Mwalimu! Maisha yake yote hajawahi kumwita hivyo. Raheli alirudi nyumbani na ushindi wake, na ule ushindi, sijui niseme nini, haukumpa usingizi.

Jumamosi ikafika. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, kwaya ikavaa sare. Gari la wilaya likapanda kilima saa nne kasoro, akashuka afisa utamaduni, dada mchangamfu mwenye daftari. Sanamu ilikuwa imefunikwa shuka jeupe mpaka miguuni. Raheli alivaa gauni la bluu aliloshonewa Mikumi, akasoma hotuba yake, kurasa tatu, bila kutetereka. Baba yake mchapakazi. Baba yake mwadilifu. Watu walisikiliza kimya kabisa, hakucheka mtu. Ndicho alichokitaka. Ila alipokuwa akisoma alisikia mwenyewe kwamba yale maneno yangemfaa fundi yeyote, wa kijiji chochote.

"Sasa tunamwomba mgeni rasmi atufunulie sanamu yetu," akasema Mchungaji Timotheo.

Afisa akasimama, akashika ncha ya shuka.

"Wewe mwanangu," ilisikika sauti kutoka viti vya mbele. "Liache hilo."

Alikuwa Shangazi Damari, dada wa marehemu, miaka themanini na minane, mwenye fimbo na uziwi wa kuchagua. Afisa akaliachia shuka mara moja.

"Mtani yuko wapi?" aliuliza Damari.

Wazee walianza kutazama viatu vyao. Mmoja akasema pole pole, "Alipewa barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kumkataza asije."

Shangazi Damari aligeuza kichwa mpaka akampata Raheli. "Nani aliyeandika?"

"Mimi, shangazi." Raheli alisimama wima mbele za watu wote. "Nimechoka. Tangu nina miaka sita anamcheka baba. Anamwigiza anachechemea, anakohoa, watu wanacheka. Baba yangu si kichekesho."

"Anamwigiza," alirudia shangazi. "Ndiyo, anamwigiza. Wewe hujui kwa nini?"

"Utani."

"Utani! Mtoto huyu amesoma mpaka vyuo na hajui kitu." Damari alipiga fimbo chini, lakini sauti yake ililegea. "Si kosa lako. Mama yako alikupeleka kwa watu. Sikiliza. Kwetu mtu akifa, mtani huvaa nguo zake. Hutembea kama alivyotembea, huongea kama alivyoongea, akohoe kama alikuwa mtu wa kukohoa. Tunacheka, tunalia, tunamwona mara nyingine tena. Siku ya msiba wa baba yako alifanya Yared, kijana mdogo, machozi yanamtoka na anachekesha. Wewe hukuona. Ulikuwa na surua, umefungiwa chumbani. Na shuka la sanamu hii, mara ya kwanza, aliyelivuta ni yeye. Sisi hatuwezi kulivuta bila mtani, ni mkosi. Tutakaa hapa mpaka kesho."

Mchungaji Timotheo alikuwa anajifuta jasho. Afisa utamaduni alikuwa amekaa, daftari kafunga, anasubiri kwa adabu.

"Aliyemfukuza ndiye humfuata," akamalizia shangazi. "Na jogoo juu, ndiyo faini ya kumkosea mtani."

Akaenda. Kwa gauni lake la bluu, viatu vya sherehe vinaingia matopeni, Mwalimu Raheli aliteremka njia ya migombani mpaka kwa Yared, si mbali, dakika kumi tu. Zile dakika kumi alizitembea akijisema moyoni maneno ambayo asingemruhusu mwanafunzi ayatamke. Bado alikuwa na hasira, msidhani. Ila sasa hakujua ni hasira ya nani.

Alimkuta mzee amekaa kwenye kigoda uani. Amenyoa ndevu. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na lile koti lake, vifungo vyote vimefungwa. Alivaa tangu asubuhi kwa ajili ya sherehe asiyoruhusiwa kwenda, akakaa na nguo zake hapo hapo.

"Shikamoo, mzee Yared."

"Marahaba, Mwalimu. Barua yako ninayo, sijatoka nje ya ua."

Raheli alikuwa amepanga kusema samahani kwa utaratibu, kwa sentensi nzima nzima. Likamtoka jingine kabisa.

"Kwani kweli alikuwa anachechemea?"

"Nani?"

"Baba."

Yared alimgeukia. Uso wake wote wa mzaha ulimwondoka, akabaki mzee tu.

"Hukujua?"

"Nilikuwa na miaka minne."

"Gogo lilimwangukia mguu wa kushoto, huko msituni, kabla hata hujazaliwa. Akisimama, bega la upande ule linalala. Wale vijana walipomtengeneza walibishana wiki nzima juu ya lile bega, na mimi ndiye niliyewapimia." Akamtazama usoni. "Kumbe miaka yote hii nikikuigizia baba yako, ulidhani namcheka?"

"Ndiyo."

"Ulipokuja mdogo na mama yako, nilikuwa nikikuona tu naacha jembe, nakimbia. Nilisema huyu mtoto hakumwona msibani, wacha amwone. Nikadhani unanuna kwa sababu ya utani." Alitikisa kichwa. "Mungu wangu. Nilikuwa nakuumiza."

Hapo Raheli alilia. Alilia vibaya, kwa kwikwi, mwalimu mkuu mzima kasimama kwenye ua wa watu, na Yared hakumbembeleza kwa neno lolote. Alimsogezea kigoda, akamwachia alie mpaka atosheke. Kisha akajikohoza.

"Jogoo wangu yuko wapi?"

"Nitakuletea."

"Wawili. Mmoja wa kunifukuza, mmoja wa kuninyooshea fundi wangu akawa polisi. Twende, mtumwa wangu, utanifia hapa nipate kesi."

Walipanda wote wawili, taratibu, mara mmoja anamngoja mwingine. Walipotokea bustanini kwaya iliyokuwa imechoka kukaa ikaamka, na akina mama wakapiga vigelegele kabla hata hajafanya kitu. Yared alikwenda moja kwa moja kwenye shuka, akalivuta kwa nguvu likaanguka chini. Akaitazama sanamu. Akaipigia saluti.

"Afande, leseni nimeisahau nyumbani!"

Watu walicheka mpaka afisa utamaduni akaangusha daftari. Donati aliinama akacheka yeye pia, hana jinsi. "Na wewe fundi," Yared akamgeukia, "kesho utamrudishia bega lake. Nitakupimia tena mimi mwenyewe."

Kisha akawapa watu mgongo. Akasimama hivyo kidogo. Na alipogeuka, sijui niwaambieje, hakuwa Yared.

Bega la kushoto lilikuwa limelala. Mguu uliburutwa kidogo tu, si kwa kuchekesha, ni mtu aliyezoea mguu wake hivyo. Alikwenda mpaka kwenye benchi ambalo halikuwapo, akachukua ubao ambao haukuwapo, akauinua usawa wa jicho, akafumba jicho moja kuutazama kama umenyooka. Akakohoa, akageuza uso pembeni asiukoholee ubao. Akaushusha, akaanza kupiga randa, pole pole, kwa mikono miwili, mwili mzima unakwenda na kurudi. Kila baada ya mpigo wa tatu alisimama akapuliza maranda.

Vicheko vilikatika kimoja kimoja. Wazee walikuwa wamesimama. "Kaka," alisema Shangazi Damari, mkono umefunika mdomo. "Huyo kaka yangu."

Raheli alikuwa amesimama pale alipoachwa, karibu na maua. Macho hayakutosha. Aliangalia mikono, aliangalia ule mguu, aliangalia namna alivyovuta pumzi kabla ya kila mpigo. Sitawadanganya kwamba alikumbuka. Hakukumbuka chochote. Alikuwa anaona kwa mara ya kwanza, na alikuwa anakula kila alichokiona.

Yule mtu akaacha randa. Akapitisha kiganja juu ya ubao, mwanzo mpaka mwisho, akatabasamu mwenyewe. Kisha akaanza kutazama huku na huku, chini chini, kama mtu anayemtafuta mtoto mdogo aliyekuwa akicheza karibu na miguu yake.

"Mama!" aliita. Sauti ilikuwa nyororo, haikuwa ya Yared hata kidogo. "Mama yangu mdogo, umeenda wapi?"

Shangazi Damari alimgusa Raheli kwa fimbo. "Ni wewe," alinong'ona. "Ulipewa jina la mama yetu. Alikuwa hakuiti vingine."

"Mama, njoo. Ubao umekuwa laini, njoo upitishe mkono."

Mwalimu Raheli alikwenda. Alipita mbele ya mgeni rasmi bila kumwona, akapita mbele ya mchungaji, akafika pale palipokuwa na benchi. Akapiga magoti, akawa mfupi kimo cha mtoto.

"Abee, baba," alisema.

Akanyoosha mkono, akaupitisha hewani, taratibu, kutoka mwanzo wa ubao mpaka mwisho wake.

"Ni laini, baba," alisema. "Laini kweli."